Kwa Mtu Mmoja

Mbeya,
Jumapili, 11 Agosti 2024

Mpendwa Dada Fransiska,

Shikamoo. Natumaini unaisoma barua hii ukiwa mzima, mama anaendelea kama nilivyomwacha, na baba hajaanza kugombana na watu wa ushirika juu ya mbolea. Mimi ni mzima. Baridi ya huku si haba, ingawa haijafikia ile ya kwetu ya kupasua midomo. Bweni letu limejaa watoto wa kila mkoa na kila mmoja anakoroma kwa lugha yake.

Usishangae kuona nakuandikia barua kama watu wa zamani. Simu hapa ni marufuku, ukikamatwa nayo unarudi kwenu na godoro lako. Mwalimu wa zamu huturuhusu kupiga nyumbani mara chache, lakini nyumbani kwetu simu ni ya baba, inakaa kwenye mfuko wa shati la baba, na ukiongea nayo baba husimama pembeni kusikia salio linavyoliwa. Kwa hiyo barua zangu nitampa kondakta wa basi aziache kwa Shamsi, yule fundi wa kuchomelea wa Majengo. Ukienda mjini utazipitia, na zako umwachie yeye.

Sasa jambo lenyewe. Nimepangiwa Teknolojia na Ubunifu. Sisi ndio wa kwanza kulisoma somo hili hapa shuleni, na kidato cha sita wanatucheka eti tumesafiri kuja kujifunza useremala. Mwalimu wetu anaitwa Flavian. Siku ya kwanza aliingia na kijiko kilichopindwa shingo, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli, akauliza kimetengenezwa kwa ajili ya nani. Tukajibu, kwa ajili ya kula. Akasema hakuuliza kwa ajili ya nini, ameuliza kwa ajili ya nani. Kumbe ni cha babu yake ambaye vidole vyake havikunjiki.

Kila mmoja wetu anatakiwa atafute mtu mwenye shida ya kweli. Mtu huyo anaitwa mlengwa. Unamuuliza maswali, unampima, unachora, unatengeneza, anajaribu, na alama zake zinaingia kwenye mtihani wa mwisho. Wenzangu wamechagua wapishi wa shule kwa kuwa wako karibu. Mimi nimekuchagua wewe.

Naomba uniandikie jinsi unavyomwinua mama kitandani, hatua kwa hatua, na kinachokuuma. Halafu naomba vipimo vyako: urefu wako wote, kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, na urefu wa mkono. Usikadirie. Mwalimu Flavian anachukia makadirio kuliko wizi.

Nisalimie mama, mwambie nakula vizuri hata kama si kweli.

Mdogo wako anayekuhitaji,
Benjamini


Matanga, Sumbawanga,
1 Septemba 2024

Mdogo wangu Benja,

Marahaba. Barua nimeipata kwa Shamsi ikiwa na alama ya dole lenye grisi, nikajua imefika salama. Sisi tupo. Upepo umetuonea sana mwezi huu, umeng'oa bati moja la jikoni na baba amelirudishia kwa mawe badala ya misumari. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Baba amechaguliwa tena mwenyekiti wa kigango na sasa hata salamu anazitoa kama matangazo ya kanisani.

Nimecheka kuitwa mlengwa. Nilidhani mlengwa ni mtu anayepigwa risasi. Haya, niulize.

Mama tunamwinua wawili, mimi na Shangazi Rosina. Mimi napitisha mikono kwapani, shangazi anashika magoti, tunahesabu, tunamweka kwenye kiti, tunamwogesha, tunageuza godoro, tunamrudisha. Asubuhi na jioni, na katikati ikibidi. Tangu kiharusi kimkamate miaka miwili iliyopita, Kiswahili kimemtoka chote, amebaki na Kifipa tena kwa mafungu. Basi shangazi humpigia hadithi za ujana wao kwa Kifipa wakati wa kumwinua, na mama hucheka hewani hivyo hivyo, mwili mzima unakuwa mzito mara mbili. Kinachoniuma ni mgongo, hapa chini. Siku nyingine nikiinama kuwasha moto siinuki mpaka nishike ukuta.

Lakini shida yangu hasa si mgongo. Unakumbuka nilipata nafasi chuo cha ardhi Tabora, kusomea upimaji, nikaiacha kwa ajili ya mama. Nataka kuomba tena, ya Oktoba mwakani. Nimeongea na baba na safari hii hakukataa. Amesema kumwinua mama ni kazi ya wawili, kwa hiyo akipatikana wa kukaa na shangazi niende. Na amepatikana. Margareth wa shangazi yuko Milepa tangu amalize kidato cha nne, hana la kufanya, yuko tayari kupanda huku kukaa na mama yake. Benja, natamani kuishika ile darubini yao ya kupimia, nisimame mbugani nitazame mbali. Humu ndani mbali kuliko kote ninakoona ni kwenye kabati la vyombo.

Utepe wa cherehani ya mama umeliwa na panya, nimepima kwa kamba ya katani. Fundo la kwanza ni kiwiko, la pili ni bega, la tatu ni kichwa. Ile kamba fupi ni mkono. Hakuna makadirio.

Dada yako, mlengwa,
Fransiska


Mbeya,
29 Septemba 2024

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mapacha wa mbuzi. Huku tumepata maji baada ya kuchota kisimani karibu mwezi mzima, na nimechaguliwa kiongozi wa karakana, yaani ninayefunga mlango na kulaumiwa misumari ikipotea.

Kamba zako zimekuwa gumzo. Mwalimu Flavian amezitundika ukutani akasema huyu dada yako anastahili kuwa upande huu wa darasa. Barua yako ameitaka aisome na nimemsomea sehemu ya kumwinua mama. Akasema, "Andika tamko la shida." Ndiyo sentensi moja inayosema unatengeneza nini na kwa ajili ya nani. Nimeiandika mara nyingi mpaka akaikubali: *Kifaa cha kumwinua mgonjwa kutoka kitandani, kitakachotumiwa na mtu mmoja, bila kuumiza mgongo.*

Nitatumia mabomba, turubai na vitu vya baiskeli. Mama analala juu ya turubai, turubai linaning'inia kwenye fremu, na wewe unazungusha mkono wa chuma tu. Kile kidude cha gurudumu la nyuma kinachokubali kwenda upande mmoja kitazuia asirudi chini hata ukiachia. Mkono huo utakuwa kwenye usawa wa kiwiko chako hasa, kwenye lile fundo la kwanza. Shamsi atanichomelea likizo ya Desemba. Mgongo wako utapona, dada.

Nakuombea,
Benjamini


Matanga,
19 Januari 2025

Mdogo wangu Benja,

Natumaini ulifika salama na lile sanduku lako lisilofungika. Sisi ni wazima. Mvua zinanyesha vizuri, mahindi yamefika magotini, na mapacha wa mbuzi wameanza kupanda juu ya paa la banda kututazama.

Kifaa chako kinafanya kazi. Nakuambia kwanza hilo kwa kuwa ndilo utakalolitafuta. Nazungusha, mama anapanda, naachia, anabaki juu. Kinasema tik, tik, tik. Mgongo wangu umeacha kuuma wiki hii ya pili.

Baba amekifanya cha maonyesho. Jumapili baada ya sala anakuja na wazee wa kigango, anawasimamisha mlangoni, ananiita nizungushe. Anasema, "Mwanangu amekitengeneza akiwa kidato cha tano. Mtu mmoja tu. Tazameni, mtu mmoja tu." Wazee wanatikisa vichwa, na mama anabaki amening'inia hewani mpaka wamalize kustaajabu. Anafumba macho.

Shangazi Rosina amerudi Milepa. Baba alimwambia apumzike, ametusaidia vya kutosha, aende akaangalie shamba lake. Alilia kidogo, akakiangalia kifaa chako, akasema, "Hii bembea imenifukuza." Alisema kwa utani.

Asante, Benja. Umefanya kazi nzuri.

Fransiska


Mbeya,
9 Februari 2025

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi kwa furaha. Huku ni wazima wote, mitihani ya majaribio imepita, nimekuwa wa tatu.

Tafadhali kaza nati mbili za chini kila Jumamosi, maana mabomba yakicheza fremu italalia upande wa dirisha. Na huo mlio wa tik tik ukianza kuruka, tia mafuta ya cherehani, tone moja, usitie ya kupikia kama nilivyomwona baba akitaka kufanya. Turubai likifuliwa likaushwe kivulini.

Habari kubwa: Mwalimu Flavian amepeleka majina yetu, na kifaa chetu kimechaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya wanafunzi Dodoma, mwezi wa saba. Shule nzima ni mimi na mvulana mmoja aliyetengeneza jiko la maranda. Kinachotakiwa ni ushuhuda wa mlengwa, barua fupi tu yenye sahihi yako: kwamba kifaa kinafanya kazi uliyoihitaji. Mistari mitatu inatosha. Nitumie haraka.

Mnisalimie nyote hapo,
Benjamini


Mbeya,
16 Machi 2025

Dada Fransiska,

Shikamoo. Nimesubiri barua yako, kondakta ananiambia kwa Shamsi hakuna kitu. Nikaomba kupiga simu, baba akapokea, akasema wote wazima, wewe uko ndani na mama. Nilisikia tik tik nyuma ya sauti yake. Nilimwomba akupe simu, akasema usisumbuliwe, uko kazini.

Ule ushuhuda bado unahitajika. Kama huna nafasi ya kuandika kirefu, andika jina na sahihi, maneno nitayapanga mimi.

Je, nati zinakazwa?

Benjamini


Matanga,
6 Aprili 2025

Benjamini,

Wazima sisi. Mama mzima, baba mzima, mbuzi wazima. Nati zinakazwa.

Ushuhuda wako sitauandika, na maneno yangu usinipangie.

Sijakawia kwa kukosa nafasi. Nafasi ndiyo niliyo nayo peke yake. Nilikawia kwa sababu kila nikianza naandika matusi, na wewe ni mdogo wangu niliyekubeba mgongoni, huo huo mgongo uliouponya.

Nilikuandikia kwamba shangazi amerudi Milepa. Ukanijibu habari za nati. Nilikuandikia kwamba mama anafumba macho. Ukanijibu turubai likaushwe kivulini.

Mwezi wa pili nilimwendea baba na fomu za Tabora. Nikamkumbusha: ulisema ni kazi ya wawili, wakipatikana wawili niende. Shangazi na Margareth wapo tayari, tuwaite. Baba akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia habari ya zamani. Akasema, "Wawili wa nini tena? Siku hizi ni mtu mmoja." Nikamwambia basi huyo mmoja awe shangazi. Akasema shangazi ana nyumba yake, na isitoshe ni mfupi, mkono haufikii vizuri. Nikasema Margareth. Akasema Margareth bado mtoto. Halafu akaenda kwenye kifaa chako akakipigapiga kama anapiga shingo ya ng'ombe, akasema, "Hiki kimepimwa kwa Fransiska."

Ni kweli. Nilikutumia mimi mwenyewe kamba zenye mafundo. Nimejipima nikiwa hai, nikampelekea fundi vipimo, kama mtu anayejichongea jeneza na kuuliza kama bega limeenea.

Zamani nilikuwa nimechoka, Benja, lakini tulikuwa wawili. Kazi ya wawili inajadilika: leo nani, kesho nani, mwakani nani. Kazi ya mmoja haina mjadala. Kukicha ni mimi, kukichwa ni mimi. Mabonde yote yamejaa watu wanaofanya matuta, nasikia vicheko vyao vinakuja na upepo, na mimi nimesimama nazungusha baiskeli isiyokwenda popote. Na mama hajacheka tangu Januari. Mimi sina hadithi za ujana wake, sikuwepo. Napandisha, nashusha, tunasikiliza huo mlio.

Mgongo hauumi hata kidogo. Ungekuwa unauma ningepata pa kuanzia kulalamika.

Dada yako,
Fransiska


Mbeya,
4 Mei 2025

Dada Fransiska,

Shikamoo. Natumaini mpo wazima. Mimi niko mzima wa mwili.

Barua yako ilinifikia wiki ile ile na nimekaa nayo mpaka leo. Mwanzo nilikasirika. Nilisema moyoni, mtu unamsaidia anakutukana. Nikaificha chini ya godoro, na bado kila nikilala niliisikia. Geti la huku linafungwa saa kumi na mbili, na jioni zote hizo nilizunguka ndani ya ukuta kama yule fahali wa jirani akifungiwa zizini.

Mwishowe nikamwonyesha Mwalimu Flavian. Aliisoma amesimama. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali. Aliniambia nilete barua yako ya kwanza, ile ya Septemba, ambayo nilikuwa nimepigia mistari kwa kalamu nyekundu mambo muhimu. Akaniuliza, "Umepigia mstari nini?" Nikatazama. Nilikuwa nimepigia mstari mgongo. Nimepigia mstari kwapani na magoti. Ulipoandika kwamba shida yako hasa si mgongo, sikuipigia mstari. Tabora sikuipigia mstari. Wala sikumsomea mwalimu sehemu hiyo, niliona haihusiani na kazi.

Nimemwambia naondoa tamko la shida na kuandika jingine. Amesema ni haki yangu, ila kazi yenye tamko jipya inaanza ukurasa wa kwanza, na Dodoma hawapokei kazi iliyo ukurasa wa kwanza. Jina langu limeondolewa. Mwenzangu wa jiko la maranda atakwenda peke yake. Sikuandikii haya ili unionee huruma. Naumia, basi, na wewe uliniambia yako nami nakuambia yangu.

Tufanye hivi. Mwezi wa sita nikija likizo nitabadilisha urefu wa mkono. Pata namna ya kupeleka ujumbe Milepa, nitumie vipimo vya Shangazi Rosina na Margareth, kwa kamba kama ulivyofanya mwanzo. Baba hatakuwa na neno tena la kusema kwamba hawafiki.

Nisamehe,
Benjamini


Matanga,
25 Mei 2025

Mdogo wangu Benja,

Marahaba, mara hii kwa moyo wote. Pole kwa Dodoma. Nilikaa nyuma ya nyumba nikalia kidogo kwa ajili yako, kisha mama akaniita, na kulia kukaisha.

Mbuzi mmoja wa wale mapacha ameibwa, baba amelitangaza kigangoni kama dhambi ya mauti. Mahindi yamekauka, tutavuna ukija.

Nimewaza juu ya vipimo ulivyoomba na nimekataa. Ukikipima kwa Margareth, utakuwa umemjengea Margareth nyumba ninayotaka kutoka mimi. Ana miaka kumi na tisa na anapenda kucheza netiboli. Atakuja, atapongezwa, atazungusha, na akitaka kuondoka ataambiwa kimepimwa kwake. Sitaki kutokea mgongoni mwa mtoto wa watu.

Ndani ya bahasha kuna kamba ndefu. Ni ndefu sana, usidhani nimekosea. Fundo la kwanza ni kiwiko, la pili bega, la tatu kichwa. Ni za baba.

Nitakuambia nilivyozipata. Nilimwambia kwamba mwenyekiti hawezi kusimama sikukuu ya somo wa kigango, Petro na Paulo, amevaa lile koti lililopauka. Nikamwambia nitamshonea jipya kwa cherehani ya mama. Alifurahi kama bwana harusi. Alisimama wima katikati ya chumba, mikono mbali na mwili, amebana pumzi ili aonekane mrefu zaidi, nikampima. Akauliza mbona napima kutoka sakafuni wakati koti haliburuti chini. Nikasema ndiyo mtindo wa sasa. Mama alikuwa anatutazama kutoka kitandani, na naapa alielewa, maana alivuta shuka akajifunika mdomo.

Sasa nimekwama na koti, lazima nilishone kweli.

Weka na gia nzito, Benja. Wiki iliyopita amepakia magunia kwenye mkokoteni peke yake, nguvu anazo. Anasema tu kwamba kumwinua mgonjwa ni kazi ya kina mama.

Dada yako,
Fransiska


Mbeya,
13 Julai 2025

Dada Fransiska,

Shikamoo. Nimefika salama, tumeanza kidato cha sita, na sasa sisi ndio tunaowacheka wadogo.

Nimeondoka nyumbani na roho nzito. Kazi yenyewe nimeridhika nayo: mkono uko juu kwenye kiwiko cha baba, gia imekuwa kubwa, nilijaribu mwenyewe nikaishia kuning'inia mimi badala ya mama. Lakini baba hakukigusa likizo nzima. Alikipita kama anavyompita mtu anayemdai. Nilimweleza mara moja kwamba nimekipima kwake, akanitazama kutoka juu hadi chini, akasema, "Kumbe ndiyo maana mikono ya koti ni mirefu," akatoka.

Nimekuacha unamwinua mama na Jane wa jirani, kwa mikono, kama zamani. Mgongo wako utarudi kuuma na ni mimi niliyekurudishia. Usiku nikifikiri hivyo natamani nirudi kukirekebisha kifaa. Ule mkono wa zamani, wa kimo chako, nimeondoka nao. Uko kwenye sanduku langu hapa, chini ya sare. Hata ukibembelezwa huwezi kuufunga tena.

Sijui kama nimefungua au nimefunga zaidi. Niambie lolote.

Benjamini


Tabora,
5 Oktoba 2025

Mdogo wangu Benja,

Umeona nilikoandikia. Tulia, nitafika huko.

Mimi ni mzima. Huku ni joto, nalala bila blanketi na nahisi kama nimesahau kitu. Chakula ni wali na maharage, ugali wao mweupe hauna ladha, nimemwomba mama wa kantini aonje ulezi siku moja aokoke. Mama mzima, baba mzima, Shangazi Rosina amenipigia juzi kwa simu ya baba, na baba alikuwa pembeni anahesabu salio.

Ilikuwa Agosti, Jumapili. Jane alikwenda Kipili kufuata dagaa na hakuniaga. Mama alikuwa amelowa na anasubiri. Baba alikuwa ukumbini na wazee wa kigango, amevaa koti langu lenye mikono mirefu, anazungumzia ujenzi wa choo. Nilikwenda chumbani nikajaribu kuzungusha ule mkono wako. Nilijaribu kwa kweli, nikapanda hadi juu ya kigoda, mama alinyanyuka kiasi cha kiganja kimoja akaishia hapo. Nikamtazama, naye akanitazama. Nikajua nikimwita mtu mwingine yeyote, nitakuwa nimejifunga mwenyewe.

Nikaenda ukumbini. Nikapiga goti nikasalimu wazee, nikasema, "Baba, mama anakusubiri wewe."

Alisema niite majirani. Nikasema hawapo. Alisema nizungushe mimi. Nikasema, "Hakijapimwa kwangu, baba." Wazee wote waligeuka wakamtazama. Hao hao aliowafundisha kusema mtu mmoja tu.

Alivua koti. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akaingia. Nilimpangia mama turubai, baba akashika mkono, akazungusha. Benja, ulipima vizuri. Alisimama wima, hakuinama hata kidogo. Tik, tik, tik, mama akapanda mpaka uso wake ukawa sawa na wa baba. Akafumbua macho. Akamwita kwa Kifipa, jina la kabla hajaitwa Christopha na mapadri, ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Halafu akacheka, mwili wote, turubai likawa linatikisika. Baba aliganda na ule mkono. Hakuuachia mpaka nilipomkumbusha kwamba kuna kuogesha.

Hapo kwenye kuogesha ndipo aliposhindwa. Baada ya siku chache alipiga mwenyewe simu Milepa. Nilimsikia akimwambia shangazi, "Njoo na Margareth, mtasaidiana zamu. Kazi hii si ya mtu mmoja." Alisema kama ni yeye aliyeigundua, na nikamwacha aigundue. Margareth amepewa wiki mbili kwa mwezi, na uwanja wa netiboli upo karibu. Zile fomu za Tabora nilikuwa nimeshazituma na nafasi nimeipata. Hakuniambia nenda. Mwisho wa Septemba, akiwa anazungusha, amenipa mgongo, aliniuliza tu basi la Mpanda, la kuunganisha Tabora, linaondoka saa ngapi.

Jana tumekwenda nje kwa mara ya kwanza. Nimeishika darubini. Niliona mti ulioko mbali sana na kila jani lake, nikashindwa kumwachia mwenzangu zamu.

Ule ushuhuda uliouomba bado unadaiwa. Mwalimu Flavian akikubali, bandika huu:

*Mimi Fransiska, mlengwa wa kwanza, nimekijaribu kifaa hiki kwa mikono yangu. Nathibitisha kwamba sasa hakinifai hata kidogo.*

Nimetia sahihi hapo chini, na maneno nimeyapanga mwenyewe.

Fransiska